SOMO: UGOMVI MMOJA, HADITHI MBILI

Lengo la somo: Kuwasaidia jamaa zilizohama, wale waliozipokea na viongozi wao kuisikiliza hadithi ya upande wa pili pasipo kuacha haki yao.

Safari hii tumechagua kufundisha kwa kutumia filamu ya karate. Msishangae. Watu wengi waliokulia Goma, Bukavu, Uvira au Butembo walizifahamu filamu za ngumi kabla ya kufahamu maneno kama "upatanishi" na "usuluhishi". Mtu alitoa pesa kidogo, akaketi kwenye benchi ndani ya chumba cha giza, akatoka jioni akirusha mateke njiani. Filamu hizo karibu zote zilikuwa na mpango mmoja: yuko mwema, yuko mbaya, na mwishoni mbaya anaanguka. Hakuna aliyeuliza huyo mbaya alirudi nyumbani kwa nani, wala alilala akiwaza nini.

Iko filamu moja ambayo swali hilo liliulizwa baadaye, na jibu lake lilichukua miaka saba ya kazi. Sisi tunaona linafaa vikao vyetu.

Hadithi jinsi ilivyosimuliwa kwanza

Mwaka 1984 ilitoka Marekani filamu iitwayo The Karate Kid, iliyoongozwa na John G. Avildsen. Kijana Daniel LaRusso anahama na mama yake kutoka Newark, mji ulio mashariki ya nchi, wanavuka nchi nzima kwenda kuishi Reseda, mtaa wa Los Angeles. Ni mgeni. Hana rafiki, mama yake anatafuta maisha, nyumba wanayopanga ni ya hali ya chini. Anajuana na msichana Ali, na hapo anagongana na Johnny Lawrence, kijana mwenye pikipiki na marafiki, bingwa wa karate katika chuo kiitwacho Cobra Kai. Johnny na wenzake wanampiga Daniel mara kwa mara. Mzee mmoja fundi wa nyumba, Miyagi, mtu wa asili ya Okinawa, anamwokoa na kumfundisha. Mwishoni wanakutana katika mashindano, Daniel mguu umeumia, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, anampiga Johnny teke la uso na kushinda.

Kwa jamaa iliyohama, kuipenda hadithi hii si kazi. Mgeni anaonewa, mgeni anapata mzee mwenye hekima, mgeni anashinda. Kila mtu aliyewahi kuchekwa kwa lafudhi yake au kuambiwa "rudi kwenu" anajiona katika Daniel.

Mwaka 2018, waandishi watatu, Josh Heald, Jon Hurwitz na Hayden Schlossberg, waliifufua hadithi hiyo katika mfululizo wa televisheni. Waliwaita wachezaji wale wale, Ralph Macchio na William Zabka, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye mikunjo usoni. Lakini jina walilolipa kazi yao ni Cobra Kai, yaani jina la chuo cha adui, na mtu waliyeanza naye ni Johnny, aliyeshindwa. Mfululizo ulianza YouTube, ukahamia Netflix mwaka 2020, ukaendelea kwa misimu sita hadi mwezi wa pili 2025.

Jiwe la kwanza liko wapi?

Johnny wa mwaka 2018 anaishi peke yake katika nyumba ndogo ya kupanga, anafanya vibarua, anakunywa, na mtoto wake hataki kumwona. Daniel ametajirika kwa kuuza magari, picha yake imebandikwa barabarani. Katika sehemu ya kwanza kabisa Johnny anafika kwenye duka la Daniel kwa sababu gari lake limegongwa. Daniel anamkaribisha kwa furaha, tena kweli kwa furaha, kisha mbele ya wafanyakazi wake anakumbusha kwa mzaha lile teke la miaka thelathini na zaidi iliyopita. Wote wanacheka. Kwa Daniel huo ni utani wa zamani. Kwa Johnny ni teke la pili.

Tunawaomba viongozi wasiipite haraka sehemu hiyo. Katika kambi na vijijini, vita vya maneno mara nyingi havianzi na tusi. Vinaanza na mzaha wa yule ambaye jambo lilimwishia vizuri. Methali yetu inasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ni kweli, ila hapa iko shida moja: Daniel na Johnny wote wawili wanajihesabu kuwa mtendewa. Kila mmoja amehifadhi kumbukumbu za yale aliyotendewa, na yale aliyotenda ameyasahau kabisa.

Johnny anapomsimulia kijana Miguel habari za zamani, hadithi yake inaanza mahali pengine. Katika hadithi ya Daniel, jambo linaanza pale ufukweni, vijana wenye pikipiki walipokuja kufanya fujo. Katika hadithi ya Johnny, jambo linaanza na msichana aliyempenda, waliyeachana naye, aliyekwenda kuzungumza naye, na mtu asiyemjua akajiingiza kati yao. Ukiitazama tena filamu ya 1984 utaona kila mmoja anashika kipande cha kweli. Johnny ndiye aliyekuja kwa ubishi, akagombania redio ya yule msichana hadi ikavunjika, akamsukuma Daniel chini. Ngumi ya kwanza ya uso, hata hivyo, ilitoka kwa Daniel. Baadaye, usiku wa sikukuu ya vinyago, Daniel ndiye aliyemvizia Johnny na kummwagia maji wakati mwenzake hakuwa na habari naye. Waliyomtendea kwa kulipiza maji hayo yalipita kipimo: walimkimbiza na kumpiga wengi kwa mmoja, na asingetokea mzee Miyagi wangemwumiza vibaya. Maji yale lakini yalimwagwa. Katika hadithi ya Daniel hayatajwi. Katika hadithi ya Johnny hakuna kinachotajwa zaidi.

Ndiyo maana katika vikao hatupendi kuanza na swali "nani mwenye makosa?" Swali hilo linafunga midomo, au linafungua yote kwa mara moja. Tunauliza: kwako wewe, jambo hili lilianza lini? Mwingine atasema lilianza mwaka nyumba ilipochomwa. Jirani yake atasema lilianza pale mipaka ya shamba ilipohamishwa wakati wa babu. Wa tatu atasema lilianza mwaka jamaa fulani zilipokimbia na wengine wakalima mahali pao. Huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja amefungua kitabu kwenye ukurasa wake.

Nyuma ya mpinzani yuko mwalimu

Mfululizo ulifukua pia jambo ambalo filamu ya kwanza ilikuwa imelidokeza tu. Johnny alilelewa na baba wa kambo tajiri aliyemdharau. Alipoingia Cobra Kai akiwa mtoto, alimpata John Kreese, askari wa zamani wa vita ya Vietnam, na huyo akawa kwake kama baba. Kreese alifundisha kupiga kwanza, kupiga kwa nguvu, na kutokuwa na huruma. Katika mashindano yale ya 1984 yeye ndiye aliyemwamuru kijana mmoja, Bobby, amvunje Daniel mguu. Bobby alitii, akafukuzwa mashindanoni, na hapo hapo akamwomba Daniel msamaha. Kisha Kreese akamwamuru Johnny aupige ngwala mguu ule ule uliokwisha kuumia. Tazameni uso wa Johnny wakati ule: ni mtoto anayetishwa na mtu mzima. Alitii. Baada ya kushindwa yeye mwenyewe alimkabidhi Daniel kombe. Na filamu ya pili, ya mwaka 1986, inaanza na Kreese akimkaba Johnny shingo nje ya ukumbi kwa sababu ametoka wa pili.

Hapa hatuna haja ya kwenda Hollywood. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alitenganishwa na jamaa yake kwa vita akiwa mtoto, akajifunza judo katika kituo cha watoto waliohama Kinshasa. Ameeleza kwamba kila aliposhindwa pambano alifungiwa, akapewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013, timu ilipokwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, alibaki Brazili akaomba hifadhi. Mwaka 2016 alirudi ulingoni katika timu ya wakimbizi ya michezo ya Olimpiki na akashinda pambano lake la kwanza. Mchezo ule ule uliomponya ulitumiwa pia kumtesa. Ilitegemea nani amesimama pembeni ya mkeka.

Wazazi wenye vijana waliowahi kuchukuliwa na vikundi vya silaha watatuelewa bila maelezo mengi. Kijana anaporudi, kijiji kinamwona yeye. Yule aliyempa amri hayuko kikaoni. Hatusemi kijana hana la kujibu, kwa maana Bobby pia alijua anachofanya, na ndiyo sababu aliomba msamaha. Tunasema mpinzani mliye naye mbele yenu asibebeshwe mzigo wake pamoja na wa Kreese.

Na iko tofauti ya mafundisho ambayo vijana wa klabu zetu wanapaswa kuijua. Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Japani bara mwaka 1922, aliacha kanuni kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. "Piga kwanza" ya Kreese ni kinyume chake kabisa. Tunaomba wanaofundisha karate kambini waiandike kanuni ya Funakoshi ukutani, na wao wenyewe waifuate.

Watoto walipokea deni

Sasa tufike kwenye sehemu iliyo nzito kuliko zote. Johnny anafungua tena Cobra Kai, si kwa ubaya. Anataka kumsaidia Miguel, kijana wa jamaa iliyotoka Ecuador, anayepigwa na wenzake. Lakini anamfundisha kwa maneno yale yale aliyofundishwa. Daniel, kwa kuogopa yaliyopita, anamshawishi mwenye majengo apandishe kodi mara mbili ili chuo kifungwe, na wenye maduka wengine wasiohusika wanaumia pamoja. Kisha anamchukua kijana Robby kumfundisha, pasipo kujua kwamba ni mtoto wa Johnny.

Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza, watu wazima hawa wawili wanafika mahali pazuri. Wanazunguka pamoja kwa gari, wanatembelea nyumba ya zamani ya Daniel, wanakunywa, Johnny anasimulia habari za baba yake wa kambo. Daniel hakuwahi kuzijua. Kwa saa chache amani inawezekana. Wanaporudi nyumbani kwa Daniel, Johnny anamkuta mtoto wake Robby pale, na yote yanavunjika. Walikuwa wamezungumza juu ya yaliyopita. Juu ya watoto walio katikati yao sasa, hawakuwa wamesema neno.

Mwisho wa msimu wa pili vijana wanapigana shuleni, makundi mawili, kwa ajili ya ugomvi ulioanza kabla hawajazaliwa. Miguel anamweka Robby chini na anaweza kumvunja mkono. Anakumbuka kwamba Johnny alianza kumfundisha huruma, anamwachilia. Robby, kwa hasira, anampiga teke, na Miguel anaanguka kutoka juu hadi ngazini na kuvunjika mgongo. Katika msimu wa tatu anajifunza upya kutembea.

Mara nyingi watazamaji huuliza: basi huruma ilimponza? Ni swali la haki, tusilizime kwa maneno laini. Huruma ya mtu mmoja katikati ya vita haina ulinzi. Johnny alimfundisha Miguel huruma, Daniel alimfundisha Robby kujizuia, lakini wao wawili hawakuwa wamekubaliana lolote, kwa hiyo kila kijana aliingia katika fujo ile peke yake. Ndiyo sababu sisi hatumwombi mtu mmoja mmoja "asamehe tu." Tunaomba wakubwa wa pande zote mbili wapatane kwanza, waseme mbele ya watoto wao wamepatana nini.

Mahali ambapo "hadithi mbili" hazitoshi

Tunapofundisha namna hii, mara nyingi mama mmoja husimama na kusema: "Waliniulia watu wangu. Mnataka nisikilize hadithi gani?" Mama huyo ana haki, na filamu yenyewe ina jibu ambalo wengi hawaligundui.

Mzee Miyagi anabeba jeraha lake. Katika vita kuu ya pili ya dunia alikuwa askari wa Marekani huko Ulaya, katika kikosi cha 442 cha wana wa Wajapani. Wakati huo huo mke wake alikuwa amefungiwa katika kambi ya Manzanar, California, na akafa huko akijifungua, pamoja na mtoto. Hayo ni ya filamu, lakini kambi zilikuwa za kweli. Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha na kuwafungia watu wapatao 120.000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa nchi ile ile. Pat Morita, mchezaji aliyekuwa Miyagi, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtoto mgonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipopona hospitalini hakupelekwa nyumbani, alipelekwa kambi ya Gila River, Arizona, ambapo jamaa yake ilikuwa imefungiwa.

Angalieni tofauti. Ugomvi wa Daniel na Johnny unaweza kusimuliwa kwa macho ya huyu na ya yule, na kila mara tukajifunza kitu. Kambi ya Manzanar haina "upande wa pili" unaopunguza uzito wake. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa watu wawili kunywa pamoja. Mwaka 1988 Marekani ilitunga sheria, serikali ikaomba msamaha, na kila mfungwa aliyekuwa bado hai akapangiwa dola 20.000. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita, na wengi walikwisha kufa. Lakini lilikuwa neno la serikali, limeandikwa, pamoja na fidia.

Basi viongozi wapime kwanza ni jambo gani lililo mbele yao. Mipaka ya shamba, ng'ombe walioingia mahindini, matusi ya sokoni, vijana waliopigana: haya yaje barazani, na kila upande usimulie. Mauaji, ubakaji, kuchukua watoto kwa nguvu: hayo ni ya mahakama, na hakuna kiongozi wa nyumba kumi wala rais wa kambi aliye na ruhusa ya kuyageuza kuwa kutoelewana. Kiongozi anayemlazimisha mjane apeane mkono na muuaji ili mradi wa kurudi kijijini usichelewe, hajengi amani.

Kazi ya kikao

Kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na jamaa nyingi ziliondoka kwa haraka kuliko zilivyojiandaa. Wengine waliokuta shamba linalimwa na mtu mwingine wanakutana naye kila siku kisimani. Zoezi hili ni kwa ajili yao, na kwa jamaa zilizowapokea pia.

Chagueni jambo moja la kuhusu mali au ujirani, lisilo la damu. Chora mstari mrefu chini ardhini. Huo ni mstari wa miaka. Kila upande ukae pembeni kwanza, wanaume kwao, wanawake kwao, vijana kwao, kwa sababu mke na mume mara nyingi hawaanzi hadithi mwaka mmoja. Kila kundi lipewe mawe na kuweka jiwe la kwanza pale ambapo kwao jambo lilianza, kisha lieleze. Upande wa pili usikilize bila kujibu. Anayesikiliza akimaliza, arudie kwa maneno yake aliyoyasikia, mpaka mwenye hadithi aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Hapa ndipo watu wazima wanapopata shida kuliko watoto. Mpeni kila mtu muda, hata kama jua linakwenda.

Chefu au mzee wa baraza asiweke jiwe siku hiyo. Akiweka lake, wengine wataweka karibu nalo kwa heshima, na zoezi limekwisha.

Baada ya hapo ulizeni: Je, liko jiwe la wenzetu ambalo sisi hatukulijua? Liko tendo letu ambalo katika hadithi yetu hatukulitaja, kama yale maji ya Daniel? Nani aliyetuagiza, na leo yuko wapi? Watoto wetu wanasimulia hadithi hii kuanzia wapi, na nani amewafundisha? Msitafute majibu yote kwa siku moja. Pale ambapo pande mbili zimeweka mawe mahali pamoja, hata kama ni jiwe moja tu, katibu aandike mwaka na jambo lenyewe, asome kwa sauti, na kikao kinachofuata kianzie hapo.